Diski Ambayo Nyanya Aliita Medali

Nilipoingizwa kwenye grupu ya watu tuliosoma nao shule ya msingi, nilifurahi kama mtoto. Hata kabla tarehe ya kukutana haijapangwa, mimi nilikuwa nimeshachagua shati. Nikajiona tayari pale ufukweni Dunga, samaki mzima mbele yangu, nikiwaeleza kuhusu karakana kubwa nitakayofungua siku moja. Kwa sasa nina meza ya useremala chini ya mabati, mtaani Kondele. Natengeneza stuli na vitanda. Lakini kuota ni bure.

Kisha monita wetu wa zamani, ambaye ndiye mwenyekiti wa mipango, akatuma ujumbe wa sauti: "Fundi, si uko? Tuchongee diski, bana! Ile ya kuvaa shingoni. Atakayeteleza aongee lugha ya nyumbani, anavaa, anacheza katikati. Tucheke kama zamani!"

Vicheko vikamiminika. Mmoja akaandika, "Mpimeni yeye kwanza. Shingo iliyozoea ni yake."

Kwa asiyesoma shule kama yetu, diski ilikuwa kibao chenye kamba ya katani. Ukisikika ukiongea Kijaluo unavalishwa, na unakaa nayo mpaka umnase mwenzako. Jioni ikikukuta nayo, unachapwa. Mimi nilikuwa nimetoka kijijini Kombewa, kwa nyanya aliyenilea, nikaletwa kwa shangazi mjini ati nisome vizuri. Kiingereza sikuwa nacho. Kunasa wenzangu pia sikuweza. Nikimsikia mtu akiteleza, nilimwonea huruma, nikanyamaza. Diski ikawa kama sehemu ya yunifomu yangu.

Siku moja wakati wa mapumziko, nyanya alifika langoni na kikapu cha njugu. "Nyakwara!" akaita, yaani mjukuu wangu. Nilimkimbilia, nikamsalimu kwa lugha yetu, maana yeye hana nyingine. Monita alikuwa nyuma yangu. Akanivalisha palepale.

Nyanya akakishika kile kibao, akakigeuza, uso ukang'aa. "Umeshinda nini?"

Hakungoja jibu. Akapiga vigelegele pale langoni, peke yake. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, naye akawagawia njugu, akidhani wanafurahi pamoja nasi. Wakala. Jioni nilichapwa, na huko Kombewa majirani wakaambiwa mjukuu wake amevishwa medali mjini.

Mpaka leo nikimtembelea ananiuliza kama ninaitunza. Namwambia iko salama.

Sasa nichonge nyingine? Nilijaribu, maana sikutaka kuitwa mwenye kinyongo. Nilichukua kipande cha mbao, nikakipiga randa vizuri, nikakisugua kwa msasa. Nilipofika kutoboa tundu la kamba, mkono ukakataa. Nikampigia mwenyekiti, nikamweleza yote.

"Kumbe yule mama alikuwa nyanya yako!" akasema. "Pole, bana. Lakini zile njugu zilikuwa tamu."

"Sitaichonga."

"Aa, Fundi, usichukulie hivyo. Si sote tulichapwa?"

"Wewe ulichapwa lini?"

Akakohoa. "Lakini nimeshaambia watu. Ni mchezo tu."

Hapo ndipo roho iliponiwaka. Sikutaka mtu alie. Sikutaka hata aniombe msamaha. Tulikuwa watoto, naye alikuwa ametumwa na walimu. Nilitaka tu mtu mmoja aseme haukuwa mchezo.

"Nitakuja," nikamwambia. "Ila nikifika, naongea Kijaluo kuanzia salamu mpaka kwaheri. Na hakuna wa kunivalisha kitu."

"Utatuharibia raha."

"Basi iharibike."

Asubuhi nikafungua grupu, nikakuta ameandika: "Fundi amebanwa na kazi. Nani ataleta kadibodi ya diski?" Watu watatu walikuwa wameshajitolea.

Amebanwa na kazi! Niliitupa simu kwenye maranda ya mbao, nikazunguka meza, nikairudia. Nikaandika mwenyewe, kwa Kijaluo, habari yote: lango, njugu, vigelegele, viboko, na medali ambayo bado naulizwa. Niliandika polepole, maana hatukufundishwa kuiandika. Nikatuma.

Naona wameisoma. Hakuna aliyejibu, na habari ya kadibodi imekwama hapohapo. Shati nimelipiga pasi. Linaning'inia ukutani, nami kila nikipita naangalia simu.