Kibao cha Bei Mezani kwa Mwanahawa

Mwanahawa aliuza viungo soko kuu la Morogoro kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda mlima hadi Kinole, ulikotoka mdalasini wake. Mzigo ulishuka na bodaboda kila Jumatano, naye akituma hela kwa simu kwa mkulima, Mzee Fransisko, elfu tano kwa kilo. Hawakuwahi kugombana.

Mwaka juzi mke wa Fransisko, Bi Chausiku, alishuka mjini kupima macho. Alipotoka hospitali akapita sokoni kusalimia. Mwanahawa akampa shikamoo, akamvutia kigoda, akamwagizia chai. Chai haijapoa, akaja mteja akanunua kilo nzima ya mdalasini kwa elfu kumi na tatu. Bi Chausiku aliziangalia zile noti zikiingia kwenye mkoba.

"Ni huu wetu?" aliuliza taratibu.

"Ni huu, mama."

Bi Chausiku akamaliza chai, akashukuru, akaondoka kuwahi gari. Kilichomuuma Mwanahawa ni kwamba mama yule hakulalamika.

Wiki iliyofuata alimpigia Fransisko akamwambia kuanzia sasa ni elfu nane. Kisha akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: mkulima elfu nane, usafiri na ushuru elfu mbili mia tano, meza na mifuko elfu moja mia tano, Mwanahawa elfu moja. Akakisimamisha mbele ya mdalasini. Bei ilibaki ileile.

Luqmani, jirani yake wa meza ya pili, alikisoma akakunja uso. Alisema kibao kile kinawavua nguo wafanyabiashara wote. Mwanahawa akamjibu kwamba ameandika ya kwake tu.

Wateja walikisoma kila mtu kwa namna yake. Bwana mmoja alimwomba aitoe ile elfu moja yake ili achukue kwa kumi na mbili, kwa sababu sasa ameiona. Wengine walinong'ona kwamba kuandika ni rahisi, nani atakwenda Kinole kuuliza? Dada mmoja, mfanyakazi wa chuo, alikisifu sana, akakipiga picha, akasema hivi ndivyo biashara zote zinavyopaswa kuwa. Halafu akasogea kwa Luqmani akanunua robo, maana pale kulikuwa na nafuu ya shilingi mia mbili. Mwanahawa alimtazama akienda zake, wala hakumchukia. Yeye mwenyewe akinunua nyanya hamuulizi mtu zimelimwa na nani.

Aliyebaki ni Yusuph, mpishi wa pilau za harusi. Huyu kibao hakukijali. Alinusa tu, akasema mdalasini wa siku hizi umekuwa mzuri kuliko wa zamani, akawa anachukua kilo mbili kila wiki. Kule mlimani Bi Chausiku alikuwa ameanza kumchagulia Mwanahawa magome bora kwa mkono wake, bila kumwambia mtu.

Mwezi wa tano Bi Chausiku alirudi kuchukua miwani. Akasimama mbele ya meza, akasoma kibao mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Alipofika mwisho akamgeukia.

"Mwanangu, kwa elfu moja wewe unakula nini?"

Mwanahawa alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alisema wanawe wawili wanasoma, na kwamba miezi ile miwili imekuwa migumu kidogo. Bi Chausiku akaomba kalamu. Akakata nane akaweka saba. Akakata moja, akaweka mbili. Mwanahawa alipokataa, mama yule alimwambia kwamba wao wanakaa na miti, yeye anakaa na watu, na watu wanachosha zaidi.

Msimu wa kumenya magome ya mdalasini ulipofika, Mwanahawa alifunga meza siku moja akapanda Kinole. Wakamkalisha barazani, wakampa kisu na tawi bichi. Magome matatu ya kwanza aliyapasua. Mzee Fransisko, ambaye sauti yake aliijua kwenye simu tu, alijifanya hakuona. Bi Chausiku akaketi nyuma yake, akamshika mikono yote miwili, wakakisukuma kisu pamoja mpaka gome likaachia zima, jepesi, linanukia.

Jioni mvua ilishuka na bodaboda zikagoma kuteremka. Wakamtandikia kitanda, wakamwekea magimbi ya moto, na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini.