Nilikwenda Kushtaki, Nikarudi na Tende

Nakumbuka asubuhi moja mjini Riyadh nilivyotoka baladia, zile ofisi zinazosimamia mambo ya mji, mkongojo kwapani na mfuko wa tende mkononi. Tende, mwanangu! Na mimi nilikuwa nimekwenda kushtaki. Leo uliponipigia kutoka huko ugenini ukanieleza kuwa wamekutoa mbele ya duka na kukuficha stoo kwa ajili ya ile mashine yako ya sikio, damu ilinichemka. Halafu nikacheka peke yangu, maana njia hiyo ya kwenda kushtaki unayotaka kuishika naijua. Sikiliza nikuhadithie, chai yangu na ipoe tu.

Nilikuwa kijana, nimejaa nguvu. Nilianzia Jeddah, mtaa wa Rawdah, kazi za nyumbani, mpaka siku gari liliponigonga nikivuka barabara kwenda kutupa taka. Mguu ukapona, goti likakataa kukunjika. Madam wangu, Mungu amlipe, hakunirudisha Mombasa. Alihamisha ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, kwa dadake aliyekuwa na karakana ya kushona mabaibui Riyadh, kule Sulimaniyah. Kushona ni kazi ya kukaa, na mikono yangu ilikuwa mizima, basi nikaona nimepata.

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ipo, inang'aa kama sinia jipya. Lakini msimamizi wa jengo alikuwa ametoa amri, na kubandika tangazo ukutani, kwamba lifti ni ya wateja, wafanyakazi wapande ngazi za nyuma. Na mlinzi aliyewekwa mlangoni kuitekeleza amri hiyo alikuwa Mkenya mwenzangu, Mutua, mtu wa Machakos, mpole hata nzi hamfukuzi kwa hasira.

"Dada Aisha, pole sana," aliniambia. "Bosi amesema hii ni ya makastoma pekee. Nikikuacha upande, ni mimi naenda home."

Nikawa napanda ngazi kwa makalio, mwanangu, kinyumenyume, mkongojo nimeupakata. Usicheke! Haya, cheka kidogo. Nikifika juu wenzangu wameshafika mbali na kazi, na mimi ndiyo kwanza nahema. Mwisho madam mpya akaniita. "Mambo ya jengo si yangu," akasema. "Ukichelewa tena, halas, nakukatia tikiti ya Kenya." Nirudi Kenya na goti lile, nifanye kazi gani?

Mutua aliumia labda kuliko mimi. Kiarabu chake kilikuwa kizuri, na siku yake ya mapumziko akajitolea kunipeleka baladia anitafsirie. Tukaketi mbele ya karani mmoja mwenye uso wa upole. Nikaeleza kwa Kiswahili, kwa ukali, jengo lenyewe, mtaa wenyewe, na jinsi ninavyozuiwa lifti ilhali mguu wangu wanauona. Mutua akatafsiri. Lakini katika maneno yake yote nilikuwa nasikia moja likirudi na kurudi: miskina, miskina. Jengo hakulitaja. Na ningemlaumuje? Angelitaja, lingemrudia yeye.

Karani akatikisa kichwa kwa huruma. Watu waliokuwa wakingoja nyuma yetu wakasogea. Mmoja akanipa maji, mwingine mfuko wa tende, mama mmoja akanishika kichwa akaniombea dua ndefu mpaka nikaitikia amina. Kila mtu akaridhika. Mutua naye akaridhika. Tukajikuta nje.

Nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Shumaisi kwa Bi Rehema, Mzanzibari, mtu mzima aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi chakula na akitulea sote kwa ulimi wake. Nikaweka tende mbele yake. Akala moja, akatema kokwa.

"Za wapi hizi?"

"Za baladia."

Nikamsimulia yote. Akaacha kutafuna.

"Hebu niambie, weye ulikwenda kushtaki au kuomba?"

"Mutua ndiye aliyesema, Bi Rehema."

"Mutua hana goti bovu. Mdomo wako ulikuwa wapi? Wale watu wema, wamekupa walichokuwa nacho mfukoni. Lifti hawanayo mfukoni! Kesho ngazi ziko pale pale."

Niliona haya, kisha nikaona raha, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alinifokea bila kuniangalia mguu. Akanifanyisha mazoezi hapo hapo, sufuria zikichemka. Yeye akawa karani, mimi nikawa mimi. Kila nikianza kujililia anagonga mwiko kwenye sufuria: "Futa! Anza tena!" Tukafuta mpaka ajali ikatoka, machozi yakatoka, Mombasa ikatoka. Yakabaki maneno ya kutosha pumzi moja.

Nikarudi baladia peke yangu, ili Mutua asijulikane. Karani akanitambua, akatabasamu, mkono wake ukaenda mfukoni. Nikainua wangu kumzuia.

"Ana mafi miskina," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Ana fi shakwa." Mimi si maskini, bwana, nina malalamiko.

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akanitazama. Kisha akaivuta kompyuta yake karibu akauliza, "Jengo gani?"

Mwanangu, swali lile! Nilitaka kupiga vigelegele mle ofisini. Nikamtajia jengo, nikamwambia nani ananizuia, ananizuia nini, na ninachotaka: nipande lifti kama mtu mwingine yeyote. Akaandika, akanisomea pole pole, akanipa namba ya kufuatilia. Nikatoka mikono mitupu, nimeshiba.

Wakaguzi walikuja. Siwezi kukuambia walisema nini na msimamizi, nilikuwa juu nashona huku sindano ikinichoma vidole kwa wasiwasi. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta Mutua kasimama wima, lile tangazo la wateja halipo ukutani, na kitufe anakibonyeza mwenyewe.

"Yalla, dada! Ingia! Imekuwa ya kila mtu!"

Nikaingia. Nyuma yangu akaingia mwanamke wa chai na birika lake, akaingia mpakiaji na marobota ya vitambaa, akaingia fundi wa stima na ngazi yake. Kengele ya uzito ikalia. Hakuna aliyekubali kushuka! Tulicheka mpaka machozi, na Mutua akawa anamvuta mpakiaji shati huku yeye mwenyewe hajiwezi kwa kicheko. Madam alipofika akanikuta mezani nimeanza kazi. Habari ya tikiti sikuisikia tena.

Sasa sikia neno langu. Kwako wewe mlango ni ofisi ya kazi, si baladia, lakini utaketi kwenye kiti kama kile nilichoketi mimi. Sema mwenyewe. Akikusaidia mtu kutafsiri, mwambie akupe maneno yako, asikupe huruma yake. Taja duka, taja aliyekutoa, eleza kuwa kazi ya mbele unaiweza na uliifanya, na useme wazi unataka urudishwe. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, wewe endelea. Na ukumbuke kuna wengine ndani ya stoo ambao hawajathubutu. Ukifunguliwa mlango wewe, nao watatoka.

Nenda, mwanangu, na Mungu atangulie mbele yako, akupe karani mwenye masikio na ulimi usiokwama. Wakikupa tende, pokea, ule, uwashukuru. Lakini usiinuke kwenye kile kiti mpaka wakuulize, "Duka gani?"