Ndege ya injini ya rotary, radiateur ndogo ya huile, na safari tuliyochelewa Goma

Wakuu, salama kwenu. Hii ilinipata mwenyewe, na sina nguvu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa injini hapa Goma, mtaa wa Keshero. Wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara ya Rutshuru.

Papa Kambale, rubani, alikuwa na ndege ndogo aliyoijenga mwenyewe, akaifungia injini ya rotary ya gari. Injini hii haina pistoni. Ndani kuna rota ya pembe tatu inazunguka, na huile, yaani oili ya injini, ndiyo inaipoza. Kwa hiyo huile inabeba joto zaidi kuliko kwenye injini mlizozoea.

Radiateur yake ya huile, ile rejeta inayoipoza, ilivuja. Papa akafunga nyingine ndogo, ndiyo iliyopatikana.

Asubuhi moja muuguzi wa Kiwanja, mji ulio kule Rutshuru, Mama Furaha, akapiga simu. Kuna mwanamke amezaa, damu haikatiki, anahitaji hospitali ya Goma.

Tukaruka, mimi na Papa. Hatujamaliza kupanda angani, sindano ya kipimo cha joto la huile ikaingia kwenye nyekundu. Tukarudi kutua.

"Ikipoa tunaenda," Papa akasema.

"Papa, itapata moto tena palepale. Hii radiateur ni kidogo."

"Sasa unataka ule mama afe?"

Nikachukua spana.

Nikang'oa radiateur ya huile ya lori lililoungua, kubwa kuliko ile, nikaisafisha, nikaifunga. Nikakunja bati kuwa njia ya hewa: mdomo mwembamba, inapanuka polepole hadi kwenye radiateur, na nyuma hewa ipate pa kutokea. Jua lilikuwa limeshainama tuliporuka tena. Sindano ikatulia.

Kule Kiwanja, Mama Furaha alisimama kando ya uwanja na kitoto ndani ya kitenge. Bibi yake kitoto alikuwa amekaa chini.

"Mumechelewa, papa. Mama yake alishatutoka."

Tukawabeba bibi na mutoto. Tulipotua Papa akanishika bega, akaenda zake.

Nilichobaki nacho: pimeni radiateur kwa wakati wa kupanda, ndege ikiwa nzito, mwendo mdogo, jua kali. Msipimie ikiwa imenyooka angani. Na Goma iko juu, hewa ni nyepesi, inapoza kidogo. Ongezeni ukubwa.

Mutoto yuko Kanyaruchinya na bibi yake, kwenye mahema ya wakimbizi. Ameanza kutembea.

Wenye kujua rotary, nikosoeni maelezo. Na kama kuna ambaye angeruka ile asubuhi na ile radiateur ndogo, aseme tu. Nitasoma.