Bakuli la Samaki Wawili

Kaka yangu Severino hakugusa chombo cha mtu kabla ya kuuliza. Unaweza kuwa umetembea kwa miguu kutoka Gurei hadi hapa Malakia, Juba, na sahani yako ya vipande vitatu, jasho linakutoka, naye anakutazama tu na kukuuliza, "Kilivunjikia wapi?" Ukisema mezani, sawa. Ukisema kilimponyoka mtoto, sawa. Ukianza kumung'unya maneno, anakurudishia chombo chako na kukuonyesha njia. Watu walisema ana maringo. Mimi niliuza chai kwenye baraza hilo hilo alilofanyia kazi, na wateja wake ndio walionimalizia sukari kwa kusubiri, kwa hiyo najua ninachosema: hayakuwa maringo. Katika ukoo wetu mtu akifa, chombo alichokuwa akilia chakula huvunjwa kaburini kwake, asije akarudi nyumbani kukitafuta. Ukikiunga chombo hicho, umemwita mwenyewe.

Kazi hiyo ya kuunga vyombo alifundishwa ukimbizini na mzee mmoja wa Kihindi mjini Gulu. Alitoboa kauri kwa keke ya upinde iliyokuwa na chembe ya almasi kwenye ncha, vitundu visivyotokeza upande wa pili, kisha akabana vipande kwa pini ndogo za shaba. Ufa aliuziba kwa chokaa iliyokorogwa na ute wa yai, na chai haikuvuja. Wahindi walipofukuzwa Uganda, mzee alimwachia ile keke ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Mwaka uliofuata, wa sabini na tatu, tulirudi Juba juu ya lori: Severino na keke yake, mkewe Natalina, na mimi Kiden na bakuli.

Bakuli lilikuwa la kijani, kijani cha maji ya mto yaliyotulia, zito kuliko lilivyoonekana. Ndani, chini kabisa, palikuwa na samaki wawili wanaofuatana, na ukipitisha kidole unawahisi. Babu ya baba yetu alilipata kwa wafanyabiashara wa mtoni aliowabebea mizigo, enzi za utawala wa Waturuki. Nyumbani halikuwa na heshima yoyote. Mtoto wa kwanza wa nyumba ndiye aliyelishwa uji humo, basi. Likamfikia Betty, binti wa Severino. "Maliza uji uwaone samaki," tulimwambia, naye alimaliza, kisha akaligonga kwa ukucha kudai mwingine. Ting, ting. Alikuwa msumbufu yule mtoto, nami nilimpenda.

Mwaka wa sitini na tano tulikimbia vita kwenda Uganda. Betty alikuwa na miaka mitano. Natalina alikuwa na homa kali, Severino alimbeba mgongoni. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nikapewa mzigo wa kichwani wenye bakuli ndani yake, na mkono wa Betty. Mto Aswa tuliuvuka kwa miguu pamoja na watu wengi, maji yananifika kiunoni, yeye shingoni. Tulipotokea ng'ambo, Betty hakuwepo. Nikasema tulisukumwa ukingoni kabla ya kuingia majini, tukaachana, huenda amechukuliwa na wale walioshika njia ya chini. Severino akaamini. Miaka minane alizunguka kambi za Uganda akiuliza jina lake, na kila aliporudi mikono mitupu nilimpikia.

Mlio ulianza hapa Juba. Jua likishuka na bati la nyumba likianza kupoa, bakuli likiwa limekaa juu ya rafu, tupu, hakuna aliyelisogelea, lilikuwa linalia. Ting. Mara ya kwanza Natalina aliangusha ungo wa mtama. Mara ya pili alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ikatoka. Mimba iliyofuata ilitoka pia. Mwaka wa sabini na sita akashika ya tatu, na shangazi yetu Yangi akaja kutoka Gurei na fimbo yake, hata maji ya kunywa hakuyapokea.

"Mtoto wenu amesimama mlangoni," alisema. "Hana pa kulala, na wadogo zake hawapati pa kupita. Vunjeni bakuli lake."

"Nivunje la mtu aliye hai?" Severino aliuliza. "Shangazi, huko ni kumuua kwa mkono wangu."

"Basi wewe iko na kazi ya kuchagua. Yule wa njiani, ama huyu wa tumboni."

Hakuchagua. Mwanamume huyu aliyejua kuunganisha kila kitu alishindwa kuvunja kimoja. Alichofanya ni kulichukua bakuli na kwenda nalo kazini kila siku, ili Natalina asilisikie. Kwa hiyo likawa linakaa kwenye baraza letu, hatua mbili kutoka kwenye birika langu. Ahsante sana, kaka.

Hapo ndipo alipolikuta daktari wa Kichina. Wachina walikuwa wakitibu watu hospitalini, na huyu alikuja na kifuniko cha buli kilichopasuka. Severino akamuuliza swali lake. Daktari akajibu kwa Kiarabu cha kubabaisha kwamba kilivunjikia sandukuni, safarini. Kisha akaliona bakuli. Aliifuta mikono yake kwenye shati, akaomba ruhusa, akaligeuza juu chini na kutazama kitako, pale palipokuwa na duara jekundu lisilopakwa rangi.

Alisema hili limetoka kwao, milimani, kijiji jirani na alikozaliwa babu yake. Miaka mia sita, pengine mia saba. Alituambia jinsi walivyoponda jiwe kwa nyundo zilizoinuliwa na maji ya mto, wakauchuja unga wake mashimoni mpaka ukawa tope laini. Bakuli likafinyangwa juu ya gurudumu, likakauka, likapakwa majimaji ya jivu na mawe mara tatu, mara nne. Tanuri lilikuwa refu, limepanda mlima, na kila bakuli liliingia likiwa ndani ya kasha lake la udongo ili moshi usilichafue. Kuni zilitiwa mchana na usiku. Mtu mmoja alikaa kwenye tundu akiutazama moto, maana ukipata hewa nyingi rangi hutoka ya manjano, ukibanwa sawasawa ndipo kijani hiki hupatikana. Kisha likasafiri kwa meli mpaka Bahari ya Shamu, likapanda ngamia, likapata mto.

"Na yenye kasoro?" Severino aliuliza. Macho yake yalikuwa yanang'aa, sikuwa nimemwona hivyo tangu utoto wangu.

"Fundi mwenyewe aliyavunja pale pale, kando ya tanuri. Mpaka leo kuna vilima vya vigae."

Bakuli likalia mikononi mwake. Ting.

Daktari hakuliangusha, nampa sifa yake. Alieleza kwamba rangi ya juu husinyaa zaidi kuliko udongo wa ndani, ndiyo maana hupasuka nyufa nyembamba na kutoa sauti. "Huwa likitoka motoni," alisema. "Siku chache. Mwezi, labda." Kisha akahesabu kimya kimya miaka aliyokuwa ametutajia. Aliliweka chini taratibu, akasema huenda ni joto la Juba, akachukua kifuniko chake kilichokwisha kuungwa, kabla chokaa yake haijakauka, na kuondoka.

Severino alikaa akilitazama. Nilisuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

"Kiden," alisema, "wewe ndiye uliyemshika mwisho. Nisaidie. Waliochukua njia ya chini walikuwa watu wa namna gani? Watu wa kumlea mtoto?"

Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Wanasema pia njia ya mwongo ni fupi, lakini hao hawajatembea yangu, mimi nimeitembea miaka kumi na moja. Ningeweza kumjibu ndiyo, watu wema, mama mmoja mwenye kitenge chekundu. Nilishamjibu hivyo mara nyingi mpaka kitenge kile nikakiona kweli. Ila nilimfikiria Natalina kitandani, ameinua miguu juu ya gunia akiogopa hata kukohoa.

"Hapakuwa na njia ya chini," nilisema. "Ilikuwa katikati ya mto. Mzigo uliteleza. Uliniambia bakuli lisivunjike, nami nikainua mkono kuushika mzigo. Mkono huo huo niliomshikia. Nilimwona akienda, kaka. Hakulia, maji yalikuwa yamemjaa mdomoni. Alikuwa ananitazama."

Nilitaka anipige. Naapa nilimkaribia ili iwe rahisi. Aliifunga keke yake kwenye kitambaa, fundo moja, fundo la pili.

"Miaka minane nimeuliza kambini," alisema.

"Niliogopa. Halafu ukaanza kumtafuta, na kadiri ulivyomtafuta ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema."

"Khalas, yamekwisha," alisema, akabeba bakuli na kwenda nyumbani.

Asubuhi yake tulikwenda bandarini. Maji ya Aswa huingia Nailo, na Nailo hupita hapa, kwa hiyo kaburi la Betty lilikuwa likipita mbele yetu miaka yote hii, na ndiyo sababu mimi sikuwahi kuteka maji mtoni. Wachukuzi walikuwa wakipakia mtama kwenye tishali na kuimba. Natalina alimimina uji kwenye bakuli, akaumwaga majini polepole mpaka samaki wakaonekana. Hakuniangalia. Alikuwa ameambiwa.

Shangazi Yangi alimwashiria Severino. Severino akanyoosha mikono, akanipa mimi bakuli.

"Uliliokoa wewe," alisema. "Livunje wewe."

Nililipiga kwenye nguzo ya chuma ya kufungia tishali. Halikuvunjika. Miaka mia saba haivunjiki kwa aibu ya mtu mmoja. Nikalipiga tena kwa nguvu zangu zote, huku nikilia bila kujificha, likaachana vipande vitatu, samaki mmoja huku na mwingine kule. Severino akainama. Mikono yake ilifanya ilichozoea, ikaokota vipande viwili na kuvikutanisha ukingo kwa ukingo, vikashikana barabara, na kidole gumba chake kikaanza kupima mahali pa kutoboa. Alikaa hivyo muda mrefu. "Severino," shangazi alisema. Akaokota na cha tatu, akavitupa mtoni kimoja kimoja.

Natalina alijifungua salama mwanzoni mwa mvua, mtoto wa kike. Kaka yangu bado anakaa barazani, anauliza watu swali lake, chai yangu anakunywa na salamu yangu anaitikia. Kunisamehe hajanisamehe, na sijamwomba. Bati likipoa mimi bado nalisikia bakuli. Nimewauliza wenzangu, wao hawasikii kitu.

Siku ya arobaini nilikwenda kumwona mtoto. Natalina aligeuza uso ukutani. Severino akamwinua binti yake, akaniletea, akaniwekea mikononi, nami nikamshika kwa mikono yote miwili. Severino hakumwachia. Alisimama pale mbele yangu, mikono yake chini ya mikono yangu, mpaka mtoto akalala.