Maiki ya Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Ipuli ina stoo iliyopakana na sebule, chumba kidogo kisicho na dirisha, mlango wake unafungukia uani. Mke wangu alikuwa akihifadhi humo magunia ya karanga na madumu ya asali. Mimi nikikitazama chumba kile naona studio, yeye anaona karanga. Tulibishana msimu mzima, na siwezi kusema nilishinda kwa hoja. Nilishinda kwa sababu panya walizimaliza karanga.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani ndimi mpiga kinanda. Nilikuwa nimechoka kuipeleka kwaya yetu kurekodi kwa watu, tukiharakishwa, halafu narudi nyumbani nimenuna. Basi nikajikusanyia vyangu polepole: kompyuta iliyokwisha kutumika, maiki moja nzuri, hedifoni, na kile kiboksi cha kupitishia sauti iingie kwenye kompyuta. Meza nilichongewa na fundi wa mtaa wa Ng'ambo. Aliniuliza tena na tena kama kweli nataka meza nyembamba kiasi hicho, nikamjibu kwa ukali kwamba nimepima mwenyewe. Kuta nilizifunika kwa magodoro ya zamani na mablanketi ili sauti isirudi. Nikabananisha kila kitu humo humo, kompyuta, maiki, kiti changu na kiti cha mwimbaji, magoti ya mmoja yakikaribia kugusa ya mwenzake. Nilijisifu sana siku ile, na mke wangu aliniacha nijisifu.

Ilibaki kero moja. Feni ya kompyuta ilivuma, na mvumo huo uliingia kwenye kila nilichorekodi. Niliifunika kompyuta kwa taulo, ikapata joto ikazima. Niliisogeza chini ya meza, ikavuma kutoka chini ya meza. Nilipoanza kuitukana, mke wangu alichungulia mlangoni.

"Sasa mume wangu unagombana na kompyuta? Ikikujibu utanieleza nini?"

Ndipo habari za mama yake zilipotufika. Mama mkwe anaishi Lusu, na huko hakuna palizi wala harusi iliyofana bila yeye kuanzisha wimbo. Alikuwa na uvimbe shingoni ambao kwa muda mrefu aliufunika kwa kanga. Sasa ulikuwa unambana pumzi, na madaktari walitaka kumpasua. Walimweleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Uvimbe wangeutoa, sauti hawakuweza kuiahidi. Angepitia kwetu kabla ya kwenda hospitali.

Mke wangu hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mwimbaji, katikati ya magodoro yangu, akasema, "Mimi nataka sauti ya mama ibaki. Basi. Chombo chako kama kina maana, maana yake ni hii."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilipanga waya, nikajaribu maiki, nikaomba umeme usikatike. Mama mkwe alipowasili, akala na kupumzika, binti yake akamwongoza hadi stoo. Mimi nilikuwa tayari nimekaa kitini, hedifoni shingoni, nimejaa furaha. Nikasikia kandambili zikisimama ghafla. Kanga ikapanda usoni, mgongo ukageuka.

"Humo? Magoti kwa magoti na mkwe wangu?" alisema akiwa tayari uani. "Bora nipasuliwe na sauti yangu ndani."

Mkamia maji hayanywi. Nimezaliwa Unyamwezini, nimelelewa nikijua kwamba mama mkwe hakai na mume wa bintiye mahali pa kubanana, hali naye chakula, hampi mkono. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nikimwona mama yule kwa mbali, tena zaidi mgongo wake. Na bado nilijenga studio ambayo mwimbaji na mrekodi wanapumuliana, nisikumbuke hata kidogo ni nani katika ukoo wa mke wangu aliyejaliwa kuimba kuliko wote. Nilikasirika, kwanza na mila, kisha na mama, mwisho na mimi mwenyewe, ambako hasira ilistahili kufika tangu mwanzo.

Aliyetuokoa ni mke wangu. Alisema, "Yeye abaki stoo, wewe nenda sebuleni. Ukuta si upo?"

Nikatafuta tindo na nyundo, nikatoboa ukuta palipopakana na sebule, nikapitisha waya, nikahamishia kompyuta upande wa pili. Mama aliingia stoo na binti yake, mlango ukafungwa. Nilivaa hedifoni, nikafungua maiki, na kwa mara ya kwanza sikusikia mvumo wowote. Feni ilikuwa inanivumia mimi peke yangu sebuleni. Studio yangu ilikuwa imekamilika, na aliyeikamilisha ni mtu aliyekataa kuingia nikiwemo.

Kazi ilikwenda kwa kupokezana maneno, ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mama asogee karibu kidogo," nilisema kwa sauti.

"Mama, anasema usogee kidogo."

"Mwambie nimesikia. Mimi si kiziwi."

Kisha akaimba. Alianza na nyimbo za palizi, akaja za harusi, akaimba na ule aliofundishwa na bibi yake, wa kuwapokea wapagazi waliorudi kutoka pwani. Wimbo ule unataja majina ya waliorudi, halafu unanyamaza mahali pa wasiorudi. Alipofika hapo alinyamaza kweli, nikasikia pumzi yake ikipita kwa taabu kwenye koo lile lililobanwa. Sikuwahi kuwa karibu hivyo na mama mkwe wangu. Nililia, na sioni haya kusema.

Alipasuliwa salama. Uvimbe ulitoka wote, pumzi ikarudi, hamu ya kula ikarudi, tukamshukuru Mungu na madaktari wale. Sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono ambao ukiwa hatua chache tu huupati. Nyimbo mke wangu aliziweka kwenye simu yake na kuwatumia dada zake, na wa Lusu wakazipata.

Alikaa kwetu kupona. Nyumba ilikuwa tulivu kuliko nilivyopenda. Zamani asubuhi alikuwa akinisalimu "Mwangaluka!" kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, nami namwitikia nikiwa nilipo, kwa heshima, bila kuonana. Sasa kila asubuhi niliita "Shikamoo, mama!" nikabaki nasubiri, hadi mke wangu aje aniambie, "Anasema marahaba." Iliniuma. Mtu yumo ndani ya nyumba yangu, na mimi na yeye hatukuwa na namna ya kusalimiana ambayo haingemvunjia heshima.

Asubuhi moja nilikuwa sebuleni, hedifoni masikioni, nikisafisha wimbo wa kwaya. Maiki ya stoo nilikuwa nimeiacha wazi. Nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa na kufungwa taratibu. Kiti kikalia. Nikasikia pumzi nikaitambua, maana nilikuwa nimeisikiliza sana. Mke wangu alikuwa ametoka kwenda sokoni, na hakuna mtu aliyemtuma.

"Mwangaluka, baba," ulisema mnong'ono, katika masikio yangu yote mawili. "Leo nimekuja kukusalimu mwenyewe."

Nilisimama, kama mtu anavyosimama kumheshimu mkwe wake, nikauitikia ukuta.