Sikio la Kulia la Panya

Nina stashahada. Naisema mwanzoni kabisa, asije mtu akadhani naificha. Ni stashahada ya maabara, ya miaka mitatu, niliyojilipia ada kwa kufuga kuku wa mayai, na kwa karatasi hiyo jina langu limechapwa kwenye makala ya utafiti wa kinga ya mwili dhidi ya saratani. Ni la tatu kutoka juu. Chini yangu wapo watu wawili wenye udaktari wa falsafa. Nakala iko ukutani katika maabara yangu mwenyewe hapa Morogoro, na wateja huitazama wakisubiri majibu ya malaria.

Marekani nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mwaka wa kwanza nilipakia maboksi kwenye ghala moja katika mji wa Landover. Wa pili niliosha vizimba vya panya katika maabara ya utafiti upande wa Germantown. Wa tatu nilikuwa nashika sindano. Hakuna shangazi aliyenipigia simu kwa mtu, wala balozi aliyeniandikia barua.

Kazi ya maabara ile ilikuwa hivi. Tulichukua seli nyeupe za panya, zile zinazolinda mwili, tukaziingizia kinasaba cha kuzifundisha kuitambua saratani. Kisha tulizirudisha kwa panya mwenye uvimbe, tuone kama zitaushambulia. Mkuu wa maabara alikuwa Mmarekani mzee asiyesalimia mtu. Aliyekibuni kinasaba chenyewe alikuwa Mkenya, mtu wa Kisii, daktari wa falsafa mwenye kichwa kizuri sana. Kichwa hicho sikatai. Mimi niliwatunza panya, niliwachoma sindano, niliwatoboa masikio kuwa alama, na wakifika mwisho niliwaua kwa gesi na kuwatoa bandama za kuchunguzwa.

Mkenya yule alinialika kwake mara moja, binti yake alipotimiza miaka minane. Walikaa Germantown, kwenye zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Nilivaa kitenge kipya, nikabeba sinia la sambusa. Nilipoingia sebuleni alinishika bega akatangaza:

"Watu wangu, kutaneni na madam wa panya. Huyu ndiye huosha choo ya panya ndio sisi tupate sayansi."

Watu wakacheka. Mama mmoja kutoka mji wa Greenbelt, mnene, mwenye sauti ya kanisani, akadakia: "Woi! Basi umlete kwangu, kuna moja imenishinda huko jikoni!"

"Nina stashahada ya maabara," nikasema.

"Diploma ni ya kufungua mlango, dadangu," akajibu mwenye nyumba. "Ukishafungua, unawachia wenye chumba."

Wakacheka tena, zaidi. Mkewe ndiye peke yake aliyekuja na sahani. "Wewe nawe!" akamwambia mumewe, kisha akanigeukia. "Usimskize, dada. Kula." Nilikula. Nilimaliza sahani yote nikaomba nyingine, kwa sababu mimi sisusi chakula cha mtu. Hapo ndipo mke aliponieleza kuwa yeye na watoto walikaa nchini kwa karatasi za mumewe, na karatasi za mumewe zilikaa juu ya mkataba wake wa kazi. Mkataba ulikuwa unaisha majira ya kuchipua. "Hii majaribio yenu ikienda vizuri, tunabaki," akasema. "Isipoenda, tunafunga mizigo."

Majaribio yalianza baada ya wiki chache. Panya wote walikuwa na uvimbe. Nusu niliwapa seli zilizofundishwa, nusu niliwapa maji ya chumvi tu, nikawachanganya katika vizimba vilevile ili mazingira yawe sawa. Waliopewa seli niliwatoboa sikio la kulia. Waliopewa maji niliwatoboa la kushoto. Niliandika hivyo kwenye kadi ya kila kizimba, kwa herufi kubwa.

Kupima uvimbe ilikuwa kazi ya Mkenya. Wiki ya pili niliingia kubadilisha chupa za maji nikamkuta anapima. Alimshika panya kwa ngozi ya shingo, akamgeuza wakatazamana uso kwa uso. Akaangalia sikio lililotobolewa, lililokuwa upande wa mkono wake wa kulia, akaandika: kulia.

Nikasimama na chupa mkononi. Panya akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Sisi tunaotoboa tunamshika panya akiwa ametupa mgongo, kwa hiyo kulia ni kulia. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza. Yeye hakufundishwa, kwa sababu siku zake za kwanza alizitumia vyuoni akisoma mambo makubwa zaidi. Alikuwa anawaandika waliopewa dawa kama wasiopewa, na wasiopewa kama waliopewa.

Nilibadilisha chupa zote nikatoka.

Wiki ya nne daftari lake lilionyesha kwamba panya waliopewa seli zake wanakufa na wa maji ya chumvi wanapona. Wiki ya tano alikonda. Alirudia hesabu, akabadilisha kompyuta, akapima upya seli zilizobaki kwenye friji. Kila kitu alikikagua isipokuwa mimi. Siku moja tu alinifuata nikiwa napanga vizimba.

"Madam, hizi panya zimenikataa kabisa. Hakuna kitu umeona?"

"Nione nini, Dokta? Diploma inaona nini?"

"Ah! Bado umeshika hiyo maneno? Ilikuwa mzaha tu, sister."

"Na mimi natania."

Angeniuliza swali moja tu, jinsi ninavyotoboa masikio, ningemjibu. Nimejiambia hivyo mara nyingi na naamini ni kweli. Lakini kuniuliza namna ninavyofanya kazi yangu hakukumjia akilini, na mimi sikuwa na haja ya kumtafunia. Akaondoka.

Mkutano wa maabara ulikuwa mfupi. Mkuu aliutazama mchoro wa matokeo, akauliza kama kuna mtu ana maelezo, akazungusha macho meza nzima. Nilikuwa nimekaa mwisho, karibu na mlango. Nilikunywa chai yangu. Alhamisi ile Mkenya aliambiwa mkataba hautaongezwa. Ijumaa alibeba vitu vyake kwenye boksi la glavu.

Jumatatu nilimwendea mkuu na kadi za vizimba. Nikachukua panya mmoja, nikamshika ametupa mgongo, kisha nikamgeuza. Sikuhitaji kusema mengi. Mzee alikaa kwenye kompyuta akabadilisha safu moja kwa nyingine, na mistari kwenye mchoro ikapishana. Seli zilikuwa zimefanya kazi. Zilikuwa zimefanya kazi kuliko Mkenya alivyothubutu kuota.

"Umegundua lini?" akaniuliza.

"Leo asubuhi."

Nadhani alijua. Nadhani pia hakujali, maana matokeo mazuri hayaulizwi yalikotoka. Nikamuuliza kama Mkenya atarudishwa. Akasema mtu asiyejua kulia kwa panya ni wapi hatamwachia mgonjwa kesho. Kwenye makala, jina lake likashushwa hadi la nne. Langu likapanda la tatu, na mshahara nao ukapanda, kwa mara ya kwanza bila mimi kuomba.

Habari kwamba seli zilifanya kazi ziliifikia familia ya Mkenya, kama zinavyowafikia watu wetu wote kule, kupitia kanisani. Mkewe akanipigia simu mchana mmoja. Nyuma yake nilisikia utepe wa gundi ukivutwa kwenye maboksi.

"Ulijua lini, dada?"

Mkuu nilimdanganya. Huyu sikuona sababu, alikuwa amenilisha. "Wiki ya pili," nikasema.

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, nilikuwa nalo jibu. Akasema tu, "Sawa. Ngoja kidogo, kuna mtu ana swali."

Akaja binti, yule wa miaka minane. Watoto wale walikielewa Kiswahili lakini walijibu kwa Kiingereza, hivyo aliniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli panya wa baba yake walipona.

"Walipona," nikamwambia kwa Kiswahili. Ilikuwa kweli. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshawaua wote ili tupate bandama, lakini walikufa wakiwa wazima.

"Kama walipona," akasema, "kwa nini sisi tunaondoka?"

Mimi mtu hanikoseshi jibu. Muulizeni yeyote aliyefanya kazi nami. Nilimwambia hayo ni mambo ya wakubwa, ampe mama simu. Akasema mama ameketi chini na hataki kuishika. Akabaki kwenye laini, anapumua, anasubiri kwa adabu kama mtoto aliyelelewa vizuri, na mimi ndiye niliyekata.