Magauni Yasiyovaliwa

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Povu, na hakuna aliyekumbuka kama ni kwa ajili ya sabuni au ya ulimi wake. Alikuwa mwanamke wa mikono mikavu, iliyopauka vidoleni, na doa alilijua kwa kulitupia jicho: hili damu, hili dawa ya kidonda, hili muuguzi kajifutia chai kwenye shuka na kumsingizia mgonjwa.

Ugonjwa ule uliofunga shule na mipaka dunia nzima ulipofika, waliofua mashuka ya wodi ya karantini waliambiwa hawatarudi nyumbani. Wangelala kwenye bweni la wanafunzi wa uuguzi, ambalo lilikuwa tupu. Mume wa Povu, dereva wa lori, alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka. Binti yao alikuwa na miaka mitatu na kifua cha kubana tangu kuzaliwa. Vumbi la ufagio tu lilitosha kumfanya apumue kama filimbi. Afisa wa ustawi wa jamii, dada mmoja mpole aliyezunguka kuwatafutia hifadhi watoto wa wafanyakazi wa wodi ile, alimuuliza, "Una ndugu wa kumwachia?"

"Yupo wifi yangu," Povu alisema, kama mtu anayetaja jino linalomuuma.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa imefungwa kwa amri ya serikali, wanawe wameshakua, na nyumba yake ilikuwa na nafasi. Watoto wa watu walimng'ang'ania bila kuitwa. Povu hakumchukia. Alimwonea wivu tu, kimya kimya, tangu siku ya harusi yake mwenyewe, wageni walipocheka zaidi upande aliokaa wifi kuliko upande wa bibi harusi.

Kila Jumapili alasiri wifi alimleta mtoto nyuma ya hospitali. Wao walisimama ng'ambo ya mtaro, Povu ndani ya uzio, barakoa usoni, na mlinzi katikati akihakikisha hakuna anayesogea.

"Wifi, umekonda! Wanakulisha au wanakukamua kama shuka?"

"Chakula changu naona unakila wewe. Hilo gauni limekubana."

"Ni huyu Kibiriti, hanipi usingizi, nakula kwa hasira."

"Kibiriti ndiye nani?"

Wifi alicheka, akamtikisa mtoto mgongoni. "Si huyu! Akiguswa anawaka."

Mtoto naye akacheka. Povu alitaka kusema kwamba mwanawe ana jina, tena la bibi yake, lakini mtoto alikuwa ameshaitikia lile jipya.

Jumapili nyingine mtoto akaja amesukwa mtindo ambao Povu hakuuchagua. Nyingine akaja na wimbo ambao Povu hakuufundisha, akauimba wote huku akimtazama shangazi yake, si mama yake, kuona kama amepatia. Siku hiyo Povu alishika waya wa uzio.

"Nguo zake uniletee mimi. Nitafua mwenyewe."

"Wifi yangu, nina maji, nina sabuni, nina mikono miwili."

"Wewe unajua kufua vichwa vya watu. Nguo huzijui."

"Haya, bosi."

Ikawa hivyo. Mfuko uliachwa kwenye benchi la mlinzi, na Povu akauchukua baada ya wao kuondoka. Alifulia kwenye beseni lake uani kwa bweni, mbali na mashuka ya wagonjwa, lakini mkono wake haukujua namna nyingine ya kufua. Alitia klorini kwa kipimo cha wodi, kisha akaongeza. Angeulizwa, angesema ni kwa sababu ya ugonjwa. Ukweli ni kwamba vigauni vile vilikuwa vimeshikwa na wifi. Alivinyoosha kwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Wiki nzima ilikuwa ya mashuka ya watu. Saa ile tu ndiyo aliyokuwa mama.

Haukupita muda mrefu. Siku moja aliinua gauni la njano lenye tope mbele na uji kifuani, akasita. Ukosi haukuwa na ile alama ya jasho. Makwapani hapakuwa na kitu. Kwenye mkono mmoja mkunjo wa pasi yake ulikuwa bado umesimama. Tena uji wa mtoto hudondoka. Huu ulikuwa umepakwa, na kiganja kilichoupaka kilikuwa cha mtu mzima.

Akamwaga mfuko wote chini. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Wivu ulimpanda. Alimwona wifi akimvisha mwanawe nguo mpya, akipita naye mtaani kama wake, kisha akirudi kupaka uji haya matambara ya kumnyamazishia mfua nguo. Jioni hakula. "Povu leo limekauka," wenzake walitania.

Jumapili hakusubiri salamu.

"Unanifanya mjinga! Hili gauni halijavaliwa. Umelichafua kwa mkono wako."

Mlinzi aligeuka. Wifi alimtelemsha mtoto, akampa kifuniko cha chupa achezee.

"Nimelichafua, ndiyo."

"Kwa hiyo hizo anazovaa mwanangu ni za nani?"

"Za zamani za wanangu. Nisikilize kwanza, kisha utoe hilo povu." Safari hii wifi hakuwa na utani. "Mara ya pili tu ulipozifua, alibanwa. Midomo ikawa myeusi. Majirani wakafunga milango, wakisema ni ule ugonjwa. Afisa wa ustawi ndiye aliyetutafutia gari. Wakampima, hana. Daktari akaniuliza, amenusa nini huyu? Nikalinusa gauni, machozi yakanitoka. Ni dawa yako ya wodi, wifi."

"Hukuniambia," Povu alisema.

"Ningeanzia wapi? Uko humo unafua mashuka ya waliokufa, na kitu kimoja tu uliniomba. Nikasema, acha afue. Ikawa kila Jumamosi nachafua."

Aibu ilikuja, na hofu ikaja, lakini hazikuja mwanzo. Kilichotangulia ni kwamba mwanawe alikosa pumzi, na mikono iliyomshika haikuwa yake. Hata kumficha jambo ili asiumie, wifi alikuwa amemshinda.

"Alipobanwa, alimwita nani?"

Wifi alitazama mtaro. "Alimwita mama."

"Yupi?"

"Mtoto akikosa hewa haulizwi, wifi."

Mtoto aligonga kifuniko kwenye jiwe. Wote wawili walimtazama, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kutazamana.

"Basi usilete tena za kufua," Povu alisema. "Niletee moja aliyoivaa. Yenye jasho lake. Usiifue."

"Ya kufanyia nini?"

"Hayakuhusu."

"Haya, bosi," wifi alisema taratibu, akamrudisha mtoto mgongoni.

Jumapili iliyofuata mfuko ulikuwa na fulana ndogo ya mistari ambayo Povu hakuwahi kuiona, iliyolegea ukosi kwa kuvaliwa na wengine. Aliipeleka kitandani kwake, akaiweka puani. Jasho lilikuwepo, lile la shingoni. Juu yake, na ndani yake, yalikuwepo mafuta ya nywele ya saluni. Alijaribu kutafuta mahali penye moja bila ya jingine, pembeni, mgongoni, kwenye mshono. Hapakuwepo.

Mafuta yale alijua namna ya kuyatoa: maji ya moto na sabuni ya unga, dakika chache tu. Lakini yangetoka pamoja na mtoto. Akaikunja fulana na mafuta yake, akaitia chini ya mto, akaenda zamu.